Ukweli, Ukimya na Uongo Beni na Butembo

Wajibu wa kusema ukweli ni mzito zaidi pale ambapo neno moja redioni laweza kumuua aliyelisema, au yule aliyemnong'oneza. Beni na Butembo, miji ya Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, imeubeba uzito huo kwa miaka mingi.

Mwaka 1978, chini ya utawala wa Kikomunisti wa Czechoslovakia, Václav Havel aliandika kwamba uongo wa dola husimama kwa sababu raia wa kawaida huurudia ili waachwe kwa amani. Zaire, kama Kongo ilivyoitwa chini ya Mobutu, haikuwa ya Kikomunisti, lakini MPR, chama cha Mobutu, ilikuwa chama pekee mpaka Aprili 1990, na hoja hiyo inaigusa vilevile. Baadaye redio za jamii na za makanisa zikaongezeka. Hofu haikuondoka, ilibadilika sura. Zamani aliyestahili kuogopwa alijulikana. Tangu mauaji makubwa ya raia yaanze Beni, Oktoba 2014, mtangazaji hajui kama anayemsikiliza ni askari, mwasi wa kundi la ADF au mwanamgambo wa Mai-Mai. Hapo hoja ya Havel inapungukiwa.

Padri Vincent Machozi, wa shirika la Waasumsio, alichagua kusema. Kupitia tovuti ya Beni-Lubero Online alitangaza mauaji ya watu wake na kuwalaumu wakubwa waziwazi. Tarehe 20 Machi 2016 watu wenye silaha walimuua huko Vitungwe-Isango, karibu na Butembo.

Shirika lake hufuata kanuni ya Mtakatifu Augustino, ambaye mnamo mwaka 395 aliandika kitabu kizima kuhusu uongo. Kwake kila uongo ni dhambi, lakini kuficha ukweli si sawa na kudanganya. Anamsifu Firmus, askofu wa Thagaste, aliyemficha mtu aliyetafutwa na watumishi wa mfalme. Alipoulizwa hakudanganya wala hakumtoa. Aliwaambia tu kwamba hatasema, akavumilia mateso. Mwandishi wa Beni anayekataa kumtaja shahidi wake amesimama mahali pa Firmus, na hana hatia. Anayeandika kwamba kijiji ni salama, ilhali wafu hawajazikwa, hana kinga hiyo.

Ebola ilileta ugumu mwingine. Mlipuko uliotangazwa Agosti 2018 uliua watu zaidi ya 2,200. Uchaguzi wa Desemba ulipoahirishwa Beni na Butembo kwa sababu ya ugonjwa huo na usalama, wengi waliamini kwamba Ebola ni siasa au biashara, na shaka hiyo haikutoka hewani: waliokuwa wameachwa wauawe kwa miaka minne waliona fedha na magari vikija kwa ajili ya ugonjwa. Papy Mumbere Mahamba, mtangazaji wa redio ya jamii huko Lwemba, Ituri, aliwaeleza watu jinsi ya kujikinga na Ebola hata hivyo. Aliuawa nyumbani kwake Novemba 2019. Ukimya ambao Augustino anauruhusu humlinda mtu anayewindwa. Kwa Mahamba, kunyamaza kungemlinda yeye peke yake, na wasikilizaji wake wangeachwa bila kujua kinachowaua.