Uchafu Wetu Unaenda kwa Nani?

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma juu ya dhambi ambazo kila mtu anazijua kwa jina: wizi, uzinzi, uchawi, ulevi. Leo ninaleta jambo ambalo halina jina katika orodha hiyo, na kwa sababu halina jina watu wanalifanya mchana kweupe bila aibu. Ni namna sisi watu wa mji wa Bukavu tunavyoishi: tunavyotupa, tunavyopika, tunavyojenga. Swali ni hili: kama kila mmoja anafanya kosa dogo sana, na makosa hayo madogo yakikusanyika yanazaa hasara kubwa, je, hasara hiyo ni ya nani?

Tuangalie kwanza mahali tunapokaa. Mji wetu uko kandokando ya ziwa Kivu, karibu mita 1460 juu ya bahari. Komini zake tatu, Ibanda, Kadutu na Bagira, karibu zote ni milima na mabonde. Maji ya mvua yakishuka, mengi yanaishia ziwani. Na ziwa lenyewe halina mlango mwingine wa kutokea isipokuwa mto Ruzizi, unaoanzia hapa hapa kwetu na kuteremka mpaka ziwa Tanganyika, upande wa Uvira na Bujumbura. Karibu na mlango huo wakoloni walijenga bwawa la umeme, Ruzizi ya kwanza, mwishoni mwa miaka ya 1950. Chini yake ikajengwa Ruzizi ya pili, iliyoanza kazi mwaka 1989, mali ya nchi tatu pamoja: Kongo, Rwanda na Burundi.

Sasa fuateni pamoja nami safari ya sashe moja. Mama amenunua chumvi sokoni, wakamfungia ndani ya sashe. Nyumbani anamimina chumvi, sashe inaingia katika ndoo ya takataka pamoja na maganda ya mihogo na ya ndizi. Ndoo inajaa. Parsele ni ndogo, hakuna shimo, hakuna motokari ya kupita kuchukua. Basi wanangoja mvua. Mvua ikianza kunyesha, milango inafunguka kartie nzima, na watoto wanatumwa na ndoo zao mpaka kwenye mfereji. Ninyi wote mnayajua haya. Maji yanabeba kila kitu kwa makelele, yanapita chini ya madaraja, yanaingia katika kijito cha Kawa na vijito vingine, halafu ziwani. Maganda yanaoza. Sashe haiozi. Inaelea pamoja na chupa za plastiki, polepole, inavutwa kuelekea pale maji yanapotokea, yaani Ruzizi, mpaka inakutana na bwawa.

Katika miaka hii ya 2020 dunia nzima imeona picha za lile zulia la plastiki mbele ya bwawa letu. Wafanyakazi wanachota uchafu kila siku, na kuna wapiga mbizi wanaoshuka chini ya maji kutoa ule uliozama, maana ukiingia kwenye mashine turbini inasimama. Turbini ikisimama, umeme unakatika. Na umeme ukikatika, yule mama wa mwanzo anatoa mbabula nje, anampa mtoto makuta aende kununua makala.

Na makala yanatoka wapi? Mengine yanatoka katika mashamba ya miti ya watu, na hayo sina neno juu yake. Lakini mengine yanatoka katika pori la Kahuzi-Biega, ambalo Leta ililifanya mbuga ya taifa mwaka 1970, na ambalo tangu 1997 limeandikwa na UNESCO kati ya urithi wa dunia ulio hatarini. Tunapenda kusema kwamba watu wa vijijini ndio wanaomaliza pori. Lakini mwanakijiji, mara nyingi, anapika kwa kuni kavu alizookota. Makala ni chakula cha mji. Wanaochoma chini ya udongo wanahitaji kilo 5 mpaka 8 za kuni, mara nyingine zaidi, ili kupata kilo moja ya makala; kilichobaki kinapotea katika moshi. Kwa hiyo mtu wa mji anayenunua kiloba kimoja amekula miti mingi kuliko anavyoona kwa macho. Na mlima ukivuliwa miti, udongo wake unateremka na mvua, unaingia mitoni, unafika ziwani. Mzunguko umekamilika, na sisi tuko mwanzoni na mwishoni mwake.

Najua jibu ambalo wengi watanipa, kwa sababu nimelisikia mara nyingi: “Bwana shemasi, sashe yangu moja haiwezi kusimamisha turbini.” Ni kweli kabisa. Hata kama yule mama asingetupa yake, bwawa lingeziba vilevile. Watu wenye akili wamejificha nyuma ya hesabu hiyo kwa miaka mingi: nikiacha mimi, wengine hawataacha, basi nitajitesa bure.

Lakini tuijaribu hesabu hiyo mahali pengine. Tunapojenga hekalu, kila mtu analeta matoleo yake. Mjane analeta noti moja iliyochakaa. Noti hiyo haiwezi kujenga hata msingi wa choo, na bila yake hekalu lingesimama tu. Je, kuna mtu kati yetu anayethubutu kumwambia mjane yule kwamba hakujenga? Hapana. Tunaandika jina lake katika daftari, na siku ya kufungua hekalu anacheza akisema, “Tumejenga nyumba ya Mungu.” Anasema kweli. Basi kama noti ndogo inampa mtu sehemu katika jengo, sashe ndogo inampa sehemu katika lile zulia la plastiki. Hatuwezi kupokea sifa ya mambo madogo tunayofanya pamoja, halafu tukakataa deni lake. Mlima ule wa uchafu hakuna aliyeutupa peke yake. Lakini haukushuka kutoka mbinguni.

Kuna jambo la pili. Mtu wa mji anafikiri kwamba kitu kikitoka machoni pake kimekwisha. Mama anafagia parsele asubuhi mpaka inang’aa, halafu anasukuma uchafu wote nje ya lango. Sisi tunaovua viatu mahali patakatifu tunajua maana ya usafi. Lakini uchafu uliohamishwa kwa jirani haujasafishwa, umepewa tu anwani nyingine. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, Waisraeli waliokuwa kambini waliamriwa wawe na kifaa cha kuchimbia, kila mtu afunike uchafu wake mwenyewe. Amri hiyo haikumwachia mvua. Na nabii Ezekieli, sura ya 34, anawakemea kondoo wanene ambao, wakiisha kunywa maji safi, wanayavuruga yaliyobaki kwa miguu, na wenzao wanakunywa tope. Mimi nikisoma pale ninawaona watu wa chini ya Ruzizi. Na kabla ya kufika huko, ninawaona watu wetu wenyewe wa pembeni ya ziwa, ambao robine zao zimekauka, na wanachota bidoni za maji pale pale mifereji yetu inapomwagikia. Halafu kipindupindu kikija tunauliza nani ametuloga.

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kuhukumu. Vita vilivyoanza 1996 viliwaleta mjini maelfu ya watu waliokimbia vijiji vyao. Walijenga palipopatikana, juu ya miteremko, hata kule Funu ambako kila mtu anajua kwamba udongo unatembea na nyumba zinapasuka. Kumwambia mtu wa namna hiyo, mwenye chumba kimoja na watoto saba, achimbe shimo la takataka, ni kumcheka. Achimbe wapi? Hatia inapimwa kwa uwezo. Mwenye nyumba ya ghorofa kwenye rasi za Ibanda, ambaye bomba la choo chake linamwaga moja kwa moja ziwani, ana deni zito kuliko mama wa Cimpunda mwenye ndoo, maana yeye alikuwa na uwanja wa kuchimba na pesa za kulipa. Na wanaolipisha wauzaji wa soko kodi ya usafi kila siku, halafu takataka za soko zinalala pale wiki nzima, hao pia wataulizwa.

Lakini maskini naye hakuachiwa mikono mitupu, na mtu asimnyang’anye heshima kwa kusema hawezi lolote. Amri ya serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza na kuuza masashe ya plastiki nchini. Sokoni ni kama hakuna aliyesikia. Na wamama wetu hao hao, wakivuka Ruzizi kwenda soko la Kamembe, wanaacha masashe mpakani bila ubishi, kwa sababu Rwanda iliyakataza tangu 2008 na huko hawachezi. Wanabeba vikapu. Basi kumbe tunaweza! Kikapu alichokuwa nacho nyanya yako hakikuhitaji mzungu wala mradi.

Vilevile maharagi. Maharagi yakilowekwa usiku kucha yanaiva kwa makala kidogo zaidi, na sufuria iliyofunikwa inapita ile iliyo wazi. Mbabula iliyotengenezwa kwa udongo ndani inashika moto kuliko ile ya bati tupu. Na katika ndoo ya takataka sehemu kubwa ni maganda: mtu akitenganisha ndoo mbili, ya maganda na ya plastiki, ile ya kwanza inaweza kwenda kwa jirani mwenye bustani ya lengalenga au mwenye nguruwe, na atashukuru. Inabaki ile ya pili, ambayo ni nyepesi, hainuki, na inaweza kungoja ndani ya kiloba mpaka kartie ikubaliane wampe nani mwenye mkokoteni. Vijana wasio na kazi tunao. Wazee wanakumbuka salongo ya siku ya posho. Wengi waliichukia kwa sababu ililazimishwa, na walikuwa na haki. Lakini kuzibua mfereji pamoja na jirani yako si mali ya utawala wowote.

Sitaki kuwasema watu wa nje tu. Mmeona uwanja wetu baada ya sikukuu kubwa? Tunaimba siku tatu, tunakula, na siku ya nne chupa za maji na masashe vimejaa mpaka kwenye mfereji wa nyuma, na wanaobaki kufagia ni wamama wazee. Nimewaomba wenye kamati ya chakula wahesabu viloba vya makala vitakavyotumika katika sikukuu ijayo, na wenye kamati ya usafi wapime takataka za plastiki kwa viloba vile vile, ili hesabu isomwe mbele ya wote pamoja na hesabu ya matoleo. Maji tutaweka katika mapipa yenye robine, kila mtu aje na kikombe chake. Na wakubwa wa kila kartie waniletee, baada ya ibada ya Yenga ya kwanza ya mwezi, jibu la swali moja: ndoo za watu wenu zinamwagwa wapi, na chini ya hapo anakaa nani?