Pesa Bado Haijafika

Mwanangu, unaniuliza tena kama pesa ya Universal Credit, ule msaada wa serikali, itaingia Ijumaa. Haiingii. Maombi umeyapeleka juzi. Hapa Uingereza serikali hukupima kwanza mwezi mzima, itazame umepata nini, kisha huchukua hadi siku saba kukutumia. Ndizo hizo wiki tano unazozisikia. Nimewaeleza wengi kabla yako, na wakija wengine nitawaeleza pia.

Utaambiwa uombe malipo ya mapema. Kama watoto hawana chakula, omba, hayana riba. Lakini ni deni. Litakatwa kila mwezi, kuanzia malipo ya kwanza kabisa, pengine kwa miezi 24. Anayezoa zote kwa kuwa tu ameruhusiwa, hiyo miezi mingine ataila kwa tabu. Chukua ya pango na ya sokoni, basi.

Na pango ndilo linalowaponza watu. Pesa ya nyumba mara nyingi huingia kwako, si kwa mwenye nyumba, na ikishakaa kwenye akaunti huonekana neema. Si yako hiyo. Mwandikie mwenye nyumba leo, mwambie umeomba lini na unatarajia kupata lini. Asiyepokea simu ndiye anayeletewa notisi. Kodi ya kaunsili ina punguzo lake, ila huombwa kaunsili kwenyewe, haliji lenyewe. Vocha ya benki ya chakula waulize shuleni kwa watoto, au ofisi ya ushauri. Nenda mchana, usivizie giza. Hakuna anayekuhesabia.

Sasa hili najua hutaki kulisikia. Simu za nyumbani. Binamu anaoa, mjomba anaumwa, kundi la mchango limekupangia pauni hamsini kwa sababu eti uko Ulaya. La mjomba tutalitafutia njia. La harusi sema huna. Usiseme "nisubirini kidogo", maana hapo umeshaahidi, na hiyo pesa itafika ikiwa imeshagawanywa Tanga, nawe hapa huna hata ya kuongeza umeme kwenye mita. Anza na mama yako, asikie kwa mdomo wako; akishajua yeye, wengine atawanyamazisha mwenyewe. Watasema umebadilika. Waache, mwanangu, hata mimi walinisema.

Haya, mpigie mama yako sasa. Kule bado hawajalala.