Je, Yafaa Kuzima Kinga ya Mwenye Deni?

Hapa kwetu Kipese na katika njia zote za kwenda Butembo hakuna asiyemjua motari. Ndiye achukuaye mgonjwa, mwalimu na gunia la viazi, katika matope na mitelemko. Akianguka hana chuma cha kumzunguka kama dereva wa motokari. Kwa hiyo swali letu la leo si la matajiri wa mbali tu. Nalo ni hili: aliyempa mwenzake kinga ya uhai kwa malipo, je, ana haki ya kuizima asipolipwa?

Kwanza tueleze jambo lenyewe. Mwaka 2021 kampuni ya Klim, ya Marekani, ilitoa kizibao cha waendesha pikipiki kiitwacho Ai-1. Ndani yake mna mfuko mtupu, chupa ndogo ya gesi, na kisanduku cha kampuni In&motion ya Ufaransa. Kisanduku hupima mwendo wa mwili bila kuchoka. Kikitambua kwamba mtu anaanguka, hufungua gesi, na mfuko hujaa kabla hajagonga chini. Kazi njema kweli. Kizibao kiliuzwa dola 400. Lakini kisanduku kililipiwa mbali: dola 12 kwa mwezi, ao 120 kwa mwaka, ao 399 mara moja tu. Aliyechagua kulipa kwa mwezi, akikosa kulipa, na siku za kungojea zikipita, kisanduku hufungwa. Kizibao angali nacho mwilini, walakini akianguka hakitajaa.

Wenye mali wana majibu, nayo yastahili kusikilizwa. Wasema kwamba kwa kulipa kidogo kidogo, asiye na feza nyingi apata kinga leo. Wasema tena kwamba mafundi hujifunza kwa maanguko ya kweli na kukiboresha kisanduku, na kazi hiyo ina gharama. Tena kina taa ionyeshayo kama kinafanya kazi, basi hadanganywi mtu. Mwisho wasema: mnunuzi alikubali mwenyewe.

Twajibu hivi. Kupangisha si dhambi. Mtakatifu Toma wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba divai haiwezi kutengwa na matumizi yake, maana kuitumia ni kuimaliza. Lakini nyumba yaweza, na mwenye nyumba aweza kudai kodi. Kisanduku ni kama nyumba. Kudai malipo yake ni haki, na awezaye kulipa akakataa anakula jasho la mwenzake.

Lakini haki ya kudai si haki ya kudai kwa kila njia. Wamotari wengi hawana pikipiki yao; hupanda ya tajiri na kumpelekea malipo. Motari asipoleta kitu, tajiri aweza kuitwaa pikipiki yake. Lakini kama angelegeza breki, akamwachia aende, akisema, « Ukilipa nitazikaza, » nani angemsifu? Hata kama alimwonya kwa sauti kubwa, twajua kwamba njaa ya watoto ingempandisha njiani. Onyo laondoa uwongo, haliondoi ubaya.

Mtu atasema: breki mbovu huleta ajali, kisanduku kilichofungwa hakileti. Ni kweli, makosa hayo hayalingani uzito. Walakini tuulize: katika nukta ile ya kuanguka, muuzaji apata faida gani kwa kukataa? Mfuko na gesi vimekwisha kununuliwa kwa zile dola 400. Kinga ikifunguka, yeye hapotezi hata senti. Basi kukataa si kulinda mali. Ni kutoa adhabu. Na adhabu ya dola 12 yaweza kuwa kifo! Deni lina dawa nyingi: kunyima matengenezo mapya, kukataa kuuza tena, kwenda mbele ya hakimu. Kifo hakina dawa.

Na yule aliyekubali mwenyewe? Hata mkopaji wa zamani alilitoa joho lake kuwa rehani kwa hiari. Lakini Torati ilimwamuru mdai alirudishe kabla ya jua kutua, maana ndilo funiko pekee la maskini usiku. Sheria haikufuta deni. Ilisema tu kwamba kuna kitu na kuna saa ambapo mdai hana budi kungoja.

Tusidhani mambo haya yatabaki ng'ambo. Nchini Kenya, mwaka 2012, kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza taa za jua kwa malipo ya kidogo kidogo, na malipo yalipokatika, taa zilijifunga. Giza la usiku mmoja lavumilika. Lakini kufuli ni ya namna ile ile, na yaweza kutiwa katika kila chombo. Kumbe njia nyingine iko: mwaka 1959 kampuni ya Volvo, ya Uswidi, ilipopata mkanda wa motokari wenye kushika mahali patatu, iliwaruhusu wengine wote kuutumia bila malipo.

Basi mwenye pikipiki na adai haki yake pasipo haya. Lakini kofia ya chuma, ile kaske yetu, asimvue motari kwa sababu ya deni. Akitaka, aitwae pikipiki nzima, lakini motari akiwa angali njiani, amwachie kinga yake.