Jina la Alfajiri

Kwenye kituo cha kununulia majani ya chai huko Bomet, mkulima haondoki mara gunia lake likishapimwa. Anasubiri risiti. Akiipokea, anatazama kwanza nambari yake ya mkulima, kisha kilo. Ana sababu. Kwenye foleni ile ile huenda wamo akina Chepkoech watatu na akina Kiprono wanne, na kilo zikiingia kwenye nambari ya mwenzake, pesa nazo zitamfuata mwenzake.

Wakipsigis humpa mtoto jina kwa saa aliyozaliwa. Chepkoech alizaliwa kukipambazuka, Chepkemoi alizaliwa usiku, Cherotich aliwasili ng'ombe wakirudi zizini. Ni majina mazuri, maana mtu hutembea na saa yake ya kwanza duniani maisha yake yote. Lakini alfajiri haizai mtoto mmoja. Mizanini kila mtu analijua hilo. Kisa hiki ni cha zahanati moja katikati ya mashamba ya chai, ambako lilisahauliwa kwa muda wa nusu saa.

Zahanati hiyo ilikuwa imepata vishikwambi, au tableti kama wengi wasemavyo. Muuguzi wa kliniki ya wajawazito alikipenda chake, na alikuwa na haki ya kukipenda. Zamani alitafuta majibu ya maabara kwa kufunua rejista ukurasa baada ya ukurasa huku foleni ikirefuka. Sasa aliandika herufi chache tu, majibu yakaja.

Asubuhi hiyo benchi lilijaa hadi nje. Wengi wa akina mama hao ni wachumaji wanaolipwa kwa kilo, na kila saa wanayokaa kliniki inapunguza uzito wa kikapu. Muuguzi aliwaonea huruma, akaharakisha. Aliandika herufi za jina, orodha ikashuka, akabonyeza jina la juu. Rekodi ikafunguka: kaswende, ipo. Mzio wa dawa: hakuna. Akaliita mlangoni jina lile la alfajiri. Mwanamke mmoja akainuka.

"Wewe ndiye?"

"Ndiyo, sista."

Akamdunga penisilini ya benzathini, ambayo ndiyo dawa yenyewe ya kaswende kwa mjamzito. Hazikupita dakika nyingi, ngozi ya yule mama ikatoka vipele, midomo ikavimba, pumzi ikaanza kukoroma. Mungu saidia, trei ya dharura ilikuwa karibu na adrenalini ilikuwamo. Akachomwa pajani, akalazwa miguu ikiwa juu, akapona yeye na mimba yake.

Ndani ya mkoba wake kilikuwamo kitabu cha kliniki. Kwenye ukurasa wa mwanzo, kwa wino mwekundu, muuguzi mwingine alikuwa ameandika miaka iliyopita kwamba asipewe penisilini kamwe. Asubuhi hiyo hakuna aliyekifungua, kwa kuwa kila kitu kiliaminiwa kuwa kimo kwenye kioo.

Hayo yalikuwa madhara ya kwanza. Ya pili yalikuwa haya: rekodi iliyofunguliwa ilikuwa ya mama mwingine, mwenye jina lile lile, aliyeketi benchi lile lile. Katika mshtuko wa ile dharura, muuguzi mwingine alishika zamu, akaliita jina tena, akafungua rekodi iliyobaki. Haikuonyesha ugonjwa wowote. Yule mama akapewa vidonge vya madini ya chuma na foliki, akaambiwa yuko salama, akapanda mlima kurudi kazini. Kaswende isiyotibiwa huweza kumuua mtoto tumboni, au akazaliwa nayo. Kosa lilipogunduliwa, alipigiwa simu, simu haikupatikana. Aliyempata ni mhudumu wa afya ya jamii, aliyetembea shamba kwa shamba hadi akamkuta siku ya tatu, kikapu mgongoni.

Madhara ya tatu hayakuwa na sindano. Yule mama wa kwanza alirudi nyumbani, na mumewe akauliza mkewe alidungwa dawa ya ugonjwa gani. Muuguzi ilimbidi aende mwenyewe hadi nyumba ile, akae, aeleze kwamba kosa ni lake na mama hana ugonjwa. Alisikilizwa. Lakini neno likishaingia nyumba ya mtu, kulitoa lote ni kazi.

Sisemi vishikwambi virudishwe. Tarehe 25 Septemba 2023, katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi, Rais Ruto alizindua ugawaji wa vifaa kwa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, simu zikiwa miongoni mwake. Tarehe 19 Oktoba Sheria ya Afya ya Kidijitali ikatiwa saini, na kesho yake Siku ya Mashujaa ikaadhimishwa hapa hapa Kericho, afya kwa wote ikiwa ndiyo ajenda. Jirani zetu wa Nandi walitangulia zamani: kituo cha afya cha Mosoriot kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta mwaka 2001. Vifaa hivi vimekuja kukaa, na vitaokoa watu.

Lakini kifaa hutunza kile tulichokiuliza. Shirika la Afya Duniani lilishauri tangu 2007 kwamba mgonjwa atambuliwe kwa alama mbili angalau kabla ya kupewa dawa. Kwetu jina peke yake halitoshi. Liandamane na nambari ya kliniki au ya kitambulisho, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Na tuache kuuliza "Wewe ndiye?" Mama aliyelelewa kumheshimu daktari atajibu ndiyo hata kama hakusikia vizuri. Muulize, "Mama, unaitwa nani kwa majina yote? Ulizaliwa lini?" Umwache aseme mwenyewe.

Neno "hakuna" nalo lichunguzwe. Huenda lina maana kwamba mgonjwa aliulizwa akakana. Huenda pia kwamba hakuna aliyeuliza. Kabla ya sindano, mdomo uulize upya na kitabu kifunguliwe.

Nanyi akina mama, na akina baba mnaowasindikiza, itazameni rekodi yenu kama mnavyoitazama risiti ya majani. Mkulima akimwambia karani "soma nambari yangu tena", haonekani mjeuri. Basi mwambie na sista: hiyo ni yangu? Dawa hii ni ya nini? Wahenga walisema kuuliza si ujinga.

Yule muuguzi bado yupo kazini, na kishikwambi chake anacho. Siku hizi hata jirani yake wa ukuta kwa ukuta akiingia kliniki, humwuliza majina yote na tarehe ya kuzaliwa. Wengine hucheka, wakisema, "Sista, si unanijua?" Yeye husubiri jibu, kidole kikiwa juu ya kioo, hakijabonyeza.