Damu Iliyochukuliwa ni Amana

Mwezi wa Desemba 1997, baada ya mvua kubwa isiyo ya kawaida, zilipokewa khabari za vifo 170 katika wilaya ya Garissa, vya watu waliopatwa na homa yenye kutoka damu. Vipimo vikadhihirisha Homa ya Bonde la Ufa, maradhi ya mifugo yanayomfikia mwanadamu kwa kuumwa na mbu na kwa kugusa damu ya mnyama mgonjwa. Wataalamu waliwaingiza watu 171 katika uchunguzi. Kati yao 31 walikuwa na alama za ambukizo jipya katika damu yao, na kwa kupimia hapo ikakadiriwa kwamba watu 27,500 hivi wameambukizwa wilayani.

Basi tazama, ndugu msomaji: mikono 171 imenyooshwa, na ulimwengu mzima umepata elimu. Wenye mikono hiyo wana haki gani?

Wako wasemao kuwa mzee wa ukoo akiisha kukubali, yatosha. Kauli hii ina adabu ndani yake, kwani kwa wafugaji mgeni hapiti ila kwa wazee. Lakini mzee hufungua mlango wa boma tu. Mkono ni wa mwenyewe, awe mwanamume au mwanamke. Hata Azimio la Helsinki, lililotolewa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa, lasema hivyo: viongozi wa jamii waweza kushauriwa, ila mwenye akili timamu haingizwi katika utafiti pasi na ridhaa yake. Tena ridhaa bila ya kufahamu si ridhaa. Karatasi ikiwa ya Kiingereza, na mtoaji hajui ila Kisomali, dole gumba lake halithibitishi kitu ila kwamba wino ulikuwapo.

Huenda mtu akasema kuwa wakati wa msiba hapana nafasi ya maswali haya. Nafasi ipo, na khasa wakati huo, kwani mwenye hofu hukubali lolote aambiwalo na mganga.

Maradhi yalirudi mwishoni mwa 2006. Ilibainika baadaye kwamba wafugaji wa Kisomali, ambao huyaita sandik, yaani pua itokayo damu, walizitambua dalili mapema kuliko idara za serikali. Soko la mifugo la Garissa likafungwa, na hasara ikamshukia yule yule aliyeona mwanzo. Mtu huyu si mkono wa kudungwa sindano tu; ni mwenye elimu, na kurudishiwa majibu ni haki yake.

Kwa hivyo kujifunza maadili ya utafiti wa afya nakuhesabu katika fardhi za kifaya. Vijana wetu wengi wataka udaktari, na ni vyema. Lakini nani ajuaye Kisomali na desturi za malishoni atakayekaa katika kamati zinazopitisha tafiti, kama ile ya KEMRI huko Nairobi? Akae hapo aulize: damu itahifadhiwa wapi, na kwa miaka mingapi? Itavuka bahari kwa idhini ya nani? Nani atakayerudi Garissa na majibu, kwa lugha gani, na kabla ya mvua zipi?