Kwenda Nyumbani Bila Haraka

Je, ni halali kwa Mkristo kuacha kazi yake majuma mawili, akatumia akiba yake kwa nauli na mafuta ya gari, akaenda polepole kuwatembelea wazazi wake, wakati jirani yake hana fedha ya kumpeleka mtoto hospitali? Swali hili huulizwa na washarika. Huulizwa na wazee wa kanisa wanapopitia ratiba ya likizo ya mchungaji. Zaidi ya yote huulizwa na dhamiri zetu wenyewe tunapofunga mizigo. Wapo wanaolijibu kwa kusema kwamba mapumziko ni mambo ya watu wenye nafasi, wala hayahusiani na imani. Sisi tunaona vingine, na tunapenda kueleza kwa nini.

Tunaandika kutoka bonde la Mto Mbwemkuru, upande wa Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi. Hii ni nchi ya Wamwera, nchi ya korosho, ufuta na mbaazi, na majirani zetu wengi ni Waislamu. Lakini katika shule, zahanati, ofisi za kilimo na sharika zetu ndogo wamo pia watu waliotoka mbali: Wachaga, Wapare, Wanyakyusa, Wabena na Wakinga. Sisi tu miongoni mwa hao wa mwisho. Wazee wetu wako Makete, katika milima ya Ukinga, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako asubuhi za Juni umande huganda juu ya nyasi. Krismasi na Pasaka mchungaji hawezi kuondoka usharikani. Kwa hiyo sisi huenda mwezi wa Juni, shule zikifungwa, na kazi ya usharika hubaki mikononi mwa mwinjilisti na wazee. Tunapitia Masasi, Tunduru, Namtumbo na Songea, halafu Njombe, ndipo tunapanda Makete. Safari hiyo yaweza kukimbizwa kwa siku mbili. Sisi huifanya kwa nne, na tukifika tunakaa.

Hoja za kupinga tunazijua, maana tumezisikia mara nyingi. Ya kwanza ni kazi: shamba la Bwana ni kubwa na watenda kazi ni wachache. Ya pili ni gharama. Ya tatu, iliyo mpya kuliko zote, ni simu. Tunaambiwa kwamba siku hizi mtu anaweza kumtumia mama yake fedha na kumjulia hali kwa dakika tano, sasa kuna haja gani ya kuvuka mikoa mitatu?

Tuanze na kazi. Katika Katekismo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529, ambayo watoto wetu wa kipaimara hujifunza kwa moyo, amri ya kuitakasa siku ya kupumzika ni ya tatu, na amri ya kuwaheshimu baba na mama ni ya nne. Ya tatu ni ya mwisho kati ya zile zinazotuelekeza kwa Mungu, na ya nne ni ya kwanza kati ya zile zinazotuelekeza kwa wanadamu. Luther aliieleza amri ya tatu hasa kwa habari ya kulisikia Neno, nasi hatutaki kuipunguza ikawa habari ya likizo tu. Lakini Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, inatoa sababu ambayo hatuna budi kuisikia: Israeli wapumzike, wao na watumishi wao, kwa kuwa walikuwa watumwa Misri na Mungu akawatoa. Mtumwa hana ruhusa ya kusimama. Mtu aliyekombolewa anaweza kuweka jembe chini, akaamini kwamba Mungu ataendelea kulitunza shamba lake mwenyewe. Mchungaji anayeamini kwamba usharika utaanguka asipokuwapo siku kumi na nne amejipa cheo ambacho Kristo hakumpa.

Tena kuna neno zito katika Marko sura ya 7. Bwana Yesu aliwakemea watu waliotangaza mali yao kuwa Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, na kwa njia hiyo wakajiondolea wajibu wa kuwasaidia baba na mama. Kutoa wakfu hakukuwa dhambi. Dhambi ilikuwa kulitumia jina la Mungu kama ukuta wa kujifichia wazazi. Sisi watumishi wa kanisa tuna Korbani yetu, nayo ni muda. Tunasema muda wetu umewekwa wakfu: kuna semina, kuna harambee, kuna mkutano wa jimbo, kuna ujenzi. Yote ni mema. Wakati huo mama mlimani anahesabu miaka. Luther, katika Katekismo Kubwa ya mwaka huohuo, aliiweka kazi ya mtoto anayewatumikia wazazi wake juu ya kazi zote ambazo watawa walijichagulia wenyewe. Neno hilo tusiwasomee watawa tu. Linatuhusu na sisi.

Sasa tuje kwenye simu na barabara, maana hapo pana jambo la zama zetu. Wazee wanakumbuka jinsi njia ya Masasi hadi Songea, yenye zaidi ya kilomita 400, ilivyokuwa kabla ya lami. Masika yalipokolea, magari yalikwama kwenye tope siku kadhaa. Kwa upande wa Dar es Salaam, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, msafiri wa kusini aliusubiri mto Rufiji na kivuko chake. Mtu aliyefika nyumbani kwa taabu kiasi hicho hakuondoka kesho yake. Alikaa mwezi. Alilima, akatengeneza paa, akasikia habari zote. Leo barabara imekuwa fupi, na badala ya kutupa siku nyingi zaidi za kukaa na wazazi, tumefupisha na ukaaji wenyewe. Tunafika Ijumaa jioni, tunapiga picha Jumamosi, Jumapili tunasimama kanisani kutambulishwa, Jumatatu alfajiri tumekwisha kuondoka. Siku zile barabara ilizotuokolea ziko wapi? Tumezirudisha kazini.

Kinachopotea ni hiki. Siku ya kwanza ni ya salamu na zawadi. Siku ya pili ni ya wageni na jirani. Baba hawezi kusema siku hizo kwamba miguu haina nguvu tena, wala mama hawezi kusema kwamba dawa zilikwisha Machi. Wanatuficha kwa heshima, wasije wakatuharibia furaha. Ni siku ya tatu au ya nne, watu wakiwa wamekaa jikoni kando ya moto wakimenya viazi, ndipo neno la kweli linatoka. Hata ugomvi wa mipaka ya shamba kati ya ndugu, ambao katika ziara fupi hufunikwa kwa tabasamu, hauna njia ya kupona pasipo siku za kutosha za kukasirika na kupatana tena. Simu haifiki huko. Fedha inayotumwa kwa simu ni njema, na wengi milimani wanaishi kwa hiyo, lakini haina macho ya kuona kwamba mama amekonda.

Tena mtu mwenye haraka hufika na amri. Hajauliza lolote, lakini amekwisha kuamua nyumba ya bati ijengwe wapi na mti upi ukatwe. Sisi wa Nachingwea tunaishi juu ya ardhi iliyowahi kuamriwa namna hiyo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walileta matrekta na kujenga reli kutoka pwani ya Mtwara kabla hawajajua vizuri udongo na mvua za nchi. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, mamilioni ya pauni yakiwa yamepotea, na baadaye hata reli ikang'olewa. Haikuwa nia mbaya peke yake iliyoleta hasara. Ilikuwa pia kukosa subira ya kukaa na nchi na kuwasikiliza wenyeji wake. Mtoto anayetaka kuwafanyia wazazi wake mema na akae kwanza, asikilize.

Injili ya Luka inatupa mfano wetu. Mariamu alipopata habari za Elisabeti, alikwenda kwa haraka mpaka nchi ya milima. Wahubiri hupenda haraka hiyo. Lakini Luka anaongeza jambo ambalo husomwa kwa kupitiwa: alikaa kwake kama miezi mitatu. Haraka ilikuwa ya kwenda. Ya kurudi haikuwepo. Elisabeti alikuwa mzee na mja mzito, Mariamu alikuwa kijana mwenye hofu zake, na kila mmoja alimhitaji mwenzake kwa muda ambao ziara ya siku moja haingetosha. Katika nyumba hiyo ya milimani Kristo alisalimiwa kabla hajazaliwa.

Hata njia yenyewe hufundisha mtu asiyekimbia. Tunduru tunapolala, mara nyingi anayetuelekeza mahali salama pa kuegesha gari ni Mwislamu anayetoka msikitini, na watoto wetu wanajifunza kumwamkia kama wanavyomwamkia babu yao. Songea tunasimama kwenye makumbusho ya Maji Maji, ili wajue kwamba nchi hizi mbili, yetu ya kusini na ile ya Wangoni, zililia pamoja katika vita vya 1905 hadi 1907. Mtu anayepita usiku kucha akiwa amelala garini hukosa nusu ya wale ambao Mungu amemweka kuwa jirani yao.

Lakini tuseme pia juu ya wasioweza kwenda, maana amri ya Mungu haikutolewa ili kuwaponda maskini. Februari 1530 Luther alipata habari kwamba baba yake, Hans, ni mgonjwa. Alitamani kwenda, lakini njia ilikuwa ya hatari kwa maisha yake. Alimtuma mpwa wake, akaandika barua ndefu ya faraja. Hans alifariki mwishoni mwa Mei mwaka huo, na Luther, alipopata habari akiwa Coburg, alichukua Zaburi zake, akaingia chumbani akalia. Basi asiyeweza kwenda na atume mtu, aandike, apige simu bila kuangalia saa, na asijihukumu. Na aliye na jeraha la nyumbani, ambalo wengine hatulijui, asisukumwe na mtu, aombewe.

Wako wengine wanaoweza lakini wanaogopa kwenda mikono mitupu. Kwao tunasema: mzazi anayekusubiri hakuhesabu mifuko. Gharama ipunguzwe, zawadi iwe kilo chache za ufuta au korosho za bonde letu, lakini siku zisipunguzwe. Na kuhusu jirani yetu mwenye mtoto mgonjwa, tuliyeanza naye: mkopeshe au mpe kabla hujaondoka. Huyo si sababu ya kutokwenda kwa mama yako. Wote wawili wako katika amri zilezile.

Sisi Watanzania ni hodari wa maziko. Taarifa ya msiba ikifika, mchango unapatikana usiku huohuo, ruhusa kazini inatolewa bila maswali, na basi linajaa watu wa kwenda mlimani. Ni desturi njema, tusiiache. Lakini fedha hiyo, ruhusa hiyo na siku hizo zilikuwapo mwaka jana pia, wakati yule tunayekwenda kumzika alikuwa bado anaweza kutufungulia mlango. Tuzitafute mapema. Wazee wa kanisa mnapopanga ratiba ya mwaka, mwulizeni mchungaji wenu, na mwalimu, na mwuguzi aliyehamishiwa kwenu kutoka mbali: wazazi wako wako wapi, na mwaka huu utakaa nao siku ngapi?