Je, Yafaa Kuisoma Kurani kwa Kiswahili?



Kijana mmoja wa Kigamboni, aliyesilimu karibuni, aliniuliza tulipokuwa katika pantoni tukivuka kwenda Magogoni: "Mzee wangu, naambiwa kwamba asiyejua Kiarabu akisoma tafsiri ya Kurani atapotea. Je, niendelee kusali nisiyoyafahamu?" Aliuliza kwa haya, kana kwamba amevunja adabu. La hasha! Swali hilo liliwasumbua hata wanazuoni wakubwa wa pwani yetu zama za utawala wa Waingereza.

Mwaka 1923 kasisi Godfrey Dale, wa misioni ya Unguja, alitoa tafsiri ya Kurani nzima kwa Kiswahili. Hebu fikirini! Kitabu cha Waislamu kilifasiriwa na mtu asiyekiamini, na Mwislamu wa kawaida hakuwa na chombo cha kumjibia.

Huko Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliuona upungufu huo. Alikuwa amesoma maandiko ya Muhammad Abduh wa Misri na ya mwanafunzi wake Rashid Rida, waliofundisha kwamba kilichowadhoofisha Waislamu si dini yao, bali ni kuifuata bila kuifikiri. Mwaka 1932 akaanzisha gazeti la Al-Islah. Hakuwabembeleza wasomaji wake: aliwakemea kwa bidaa na kwa kuwaiga Wazungu ovyo, akawahimiza wasomeshe watoto wao, na mabinti pia. Naye alianza kuifasiri Kurani, lakini alifariki mwaka 1947 kabla ya kuimaliza.

Tafsiri ya Sheikh Mubarak Ahmad ilitoka mwaka 1953, na ile ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy, mwanafunzi wa Sheikh Al-Amin, mwaka 1969. Farsy aliikosoa vikali iliyotangulia. Ugomvi huo hatuufufui hapa. Ila angalieni jambo moja: waligombana kwa Kiswahili, hata mvuvi na mkulima ajuaye kusoma akaweza kuzipima hoja zao.

Basi nilimkumbusha kijana yule habari iliyomo katika Sura Ibrahim, kwamba kila mtume alitumwa kwa lugha ya watu wake. Sala tunaisali kwa Kiarabu, na herufi zake ajifunze. Lakini jioni ile ile aanze na maana ya Al-Fatiha, anayoirudia katika kila rakaa.

Akanyamaza kidogo, kisha akakiri kwamba tafsiri anayo, ameifungia kabatini tangu siku aliposilimu.